Sifa, Shahamu na Deheni: Maneno ya Matunzo ya Chombo Chini ya Maji

Mtu wa Mpendae akiulizwa maana ya sifa, atajibu upesi kwamba ni maneno mema asemwayo mtu. Akiteremka hadi bandari ya majahazi ya Malindi, ataijua sifa nyingine kwa pua kabla hajaelezwa: mafuta ya ini la papa, yapakwayo mbao za chombo. Neno hili, pamoja na shahamu na deheni, waandishi wengi huyafasiri yote kuwa "mafuta" tu, na kwa kufanya hivyo kazi nzima hupotea maana.

Kazi ya chini ya chombo hufuata mwezi. Wakati wa bamvua, Unguja, tofauti baina ya maji kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Basi chombo huletwa pwani maji yakiwa yamejaa, hupwelezwa, kikatiwa magadi ubavuni kisije kikalala. Maji yakitoka, mkuku huwa wazi, na mafundi wana saa chache tu. Kwanza hukwangua mwani na makombe yaliyoshika ubaoni, kisha kwa desturi ya zamani hupitisha moto wa makuti chini ya mbao zote. Mgeni hudhani kuwa moto huo ni wa kukausha. Kukausha kumo, lakini anayewindwa hasa ni yule mdudu ambaye wataalamu humwita Teredo. Umbo lake ni la mnyoo, ingawa kwa jamaa yeye ni wa chaza. Huingia ubaoni angali mdogo mno, kisha hukua huku akibungua, hata ubao ukawa mzima kwa nje, na kwa ndani ni tundu tupu.

Baada ya moto huja kalafati, yaani pamba iliyotiwa mafuta na kugongwa katika maungio ya mbao. (Kalafati ni neno la mabaharia wa bahari nyingi: Waarabu, Waturuki na Wareno wote wanalo lililo karibu nalo.) Ndipo zamu ya deheni. Shahamu ni mafuta ya mnyama. Yakichanganywa na chokaa ya matumbawe yaliyochomwa, mchanganyiko huo ndio deheni, nao hupakwa kwa mkono. Chokaa na mafuta hugeuka namna ya sabuni isiyoyeyuka majini, na ganda hilo humzuia mdudu asiufikie ubao. Wako wasemao "kupaka shahamu" kwa kazi yote hii, wakilipa zima jina la sehemu yake. Si kosa, lakini mtunga kamusi hana budi kuzionyesha maana zote mbili. Sifa haina mahali hapa. Yenyewe hupakwa juu ya mstari wa maji, ubao usipasuke kwa jua.

Ilipokuja mashine, tezi ilitobolewa ili mhimili upite, na nje yake ikafungwa ile ambayo makamusi huiita rafadha na watu wengi huiita panga boi. Mimi naona panga boi limekwisha kushinda. Katika tundu hilo hushindiliwa kamba iliyopakwa grisi ili maji yasiingie, kazi ambayo haiko mbali na ya kalafati. Panga boi lenyewe halipakwi deheni: hukwanguliwa likang'aa, kwa kuwa makombe machache tu juu ya mabapa yake huitaabisha mashine na kula mafuta bure. Tena liwapo la shaba karibu na chuma, maji ya chumvi hukila chuma. Kwa hiyo hufungwa hapo kipande cha zinki ili kiliwe badala yake, na kipande hicho hutazamwa kila chombo kipwelezwapo, kikiwa kimekwisha kikabadilishwa kabla maji hayajarudi.