Goma: ziwa liko mlangoni, maji yanapotelea njiani

Mji wa Goma, katika jimbo la Kivu ya Kaskazini, umelala pembeni mwa ziwa kubwa la maji baridi. Hata hivyo, katika kata nyingi za komine ya Karisimbi robine hukauka siku nzima, wakati mwingine juma nzima, na familia hununua maji kwa bidoni. Maji yenyewe yapo. Kinachosumbua ni safari yake kutoka ziwani hadi nyumbani: pampu zenye kusimama kila umeme unapokatika, matangi yasiyotosha kwa mji uliokua haraka, na tiyo zenye kumwaga chini maji ambayo yamekwisha kupandishwa na kutiwa dawa.

Kwa mkaaji wa Majengo, Katoyi au Ndosho, hayo si mambo ya mafundi peke yao. Maji yanayomwagika kwenye aveni ni maji ambayo mtoto ataamka usiku kwenda kutafuta, na ambayo mama atalipa mara ya pili kwa mwenye chukudu.

Kupandisha maji ni pesa

Goma haina mto. Mvua inayonyesha juu ya mawe ya volkano huzama mara moja ndani ya ardhi, na kisima ni kazi ngumu kukichimba. Ndiyo maana REGIDESO, shirika la serikali lililoundwa tarehe 30 Desemba 1939, huvuta maji ziwani, huyatia klori, kisha huyasukuma kwa pampu hadi kwenye matangi yaliyojengwa juu. Kutoka huko maji hushuka yenyewe kuelekea kwenye kata.

Uso wa ziwa Kivu uko karibu mita 1.460 juu ya bahari. Uwanja wa ndege wa Goma uko karibu mita 1.550. Maji ya kufika hapo tu yanapaswa kupanda mita 90, sawa na nyumba ya etaji 30, na kuna kata zilizo juu zaidi upande wa Nyiragongo. Kazi hiyo inakula umeme, na umeme ukikosekana inakula mazutu. Kwa hiyo kila lita inayopotea njiani ilikwisha kulipiwa: umeme wake, klori yake, na mshahara wa aliyekaa kwenye pampu.

Maji yanapotelea wapi?

Mafundi wa maji hutofautisha hasara mbili. Ya kwanza ni maji yanayomwagika kweli: tiyo iliyopasuka, kiungo kilicholegea, tangi linalovuja. Ya pili ni maji yanayofika kwa mtu lakini hayaonekani kwenye hesabu: robine iliyounganishwa kwa siri, kipimo kilichokufa, au fakture ya bei moja kwa wote, anayetumia bidoni tano kwa siku na anayeosha magari.

Huko Goma, ardhi yenyewe inaongeza hasara ya kwanza. Kuchimba mfereji wa kina katika jiwe la lava kunataka nguvu na pesa, ndiyo maana tiyo nyingi ndogo za nyumba hupita juu juu, nyingine zikionekana wazi pembeni mwa njia. Lori likipita, au mvua kubwa ikisomba udongo, tiyo hupasuka. Mara nyingi jirani huifunga kwa kipande cha mpira wa gurudumu, na maji huendelea kutiririka.

Tundu dogo halionekani kuwa na uzito, lakini hesabu yake inatisha. Tiyo inayoweza kujaza bidoni la lita 20 kwa dakika moja inamwaga mabidoni 1.440 kwa siku, yaani lita 28.800. Kwa kipimo cha lita 15 kwa mtu kwa siku, ambacho mashirika ya kiutu hutumia kama kiwango cha chini wakati wa dharura, tundu moja linanyima maji watu 1.920. Likiachwa majuma mawili bila kutengenezwa, ni zaidi ya mabidoni 20.000.

Goma si peke yake. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2019 na wataalamu Roland Liemberger na Alan Wyatt ulikadiria kwamba mashirika ya maji duniani hupoteza mita za mchemraba bilioni 126 kila mwaka, karibu asilimia 30 ya maji yanayoingizwa kwenye mitandao yao.

Tiyo ikikauka, hatari inaingia

Watu wengi huona kwamba kukosa maji siku mbili ni usumbufu tu. Lakini tiyo iliyotobolewa huwa na tabia mbili. Maji yakiwamo kwa nguvu, husukuma kuelekea nje. Nguvu ikikatika, tiyo huanza kunyonya, na maji machafu yaliyotuama kandokando yake huingia ndani. Umeme ukirudi, uchafu huo ndio wa kwanza kufika kwenye robine, hata kama klori ilitiwa vizuri kule ziwani. Zaidi ya hayo, kujaza na kukausha tiyo kila siku huzigonga kwa nguvu na kuzipasua upesi. Hivyo uhaba huzaa uvujaji, na uvujaji huzaa uhaba.

Goma inajua gharama yake. Katika Julai 1994, wakati mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda walipoingia, kipindupindu na kuhara damu viliua karibu watu 50.000 katika mwezi wa kwanza tu. Wengi walikuwa wakichota maji ziwani bila dawa. Tangu wakati huo kipindupindu hakijahama Kivu; hurudi kila pale maji safi yanapopungua na watu wanaposongamana.

Volkano na vita juu ya mtandao mmoja

Mtandao huu haukupata nafasi ya kupumzika. Tarehe 17 Januari 2002, lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji hadi ziwani. Tarehe 22 Mei 2021 volkano ililipuka tena. Lava ikaharibu tangi na tiyo kubwa upande wa kaskazini, na UNICEF ikasema karibu watu nusu milioni wamekosa maji safi.

Kisha vita. Wakimbizi wa ndani waliokimbia mapigano ya Rutshuru na Masisi walijaa katika kambi za Kanyaruchinya, Bulengo na Lushagala, wakati matangi yalibaki yale yale. Mwishoni mwa Januari 2025, wakati M23 ilipouteka mji, umeme ulikatika, pampu zikasimama, na wakaaji wakashuka ziwani na mabidoni. UNICEF ilileta mazutu ili pampu za REGIDESO zirudie kazi. Siku hizo zilionyesha jambo moja: mji mzima unategemea vituo vichache vya pampu, na waya moja ikianguka, robine zote hukauka.

Nani analipa?

Anayeumia zaidi si yule mwenye tangi la plastiki juu ya nyumba huko Himbi. Huyo hujaza usiku maji yakija, na hutumia siku tatu. Anayeumia ni mpangaji wa chumba kimoja asiye na pa kuweka maji, ambaye hununua bidoni moja moja. Bei ya bidoni hupanda siku robine zinapokauka, na anayeishi mbali na ziwa hulipa zaidi. Hivyo maskini hulipia lita moja kuliko tajiri mwenye robine uani.

Phnom Penh ilifanya nini?

Wako wanaosema kwamba mji uliotoka vitani hauwezi kuziba tiyo zake. Mji mkuu wa Kamboja unajibu vingine. Mwaka 1993, baada ya miaka ya vita, shirika la maji la Phnom Penh lilikuwa likipoteza asilimia 72 ya maji yake, na wachache waliokuwa na robine walipata maji saa kumi hivi kwa siku. Karibu miaka 20 baadaye hasara ilikuwa imeshuka chini ya asilimia 7, na maji yalitoka saa 24.

Mkurugenzi Ek Sonn Chan hakuanza kwa kujenga kiwanda kipya. Alihesabu wateja mmoja mmoja, akaweka kipimo kwa kila nyumba, akaunda vikosi vya kutafuta uvujaji mchana na usiku, na akatoa zawadi kwa raia aliyeonyesha robine ya siri. Wafanyakazi walioiba waliadhibiwa, waliofanya vema walilipwa vizuri. Wakubwa nao walilazimika kulipa: alisimulia kwamba jenerali mmoja alimwekea bunduki kichwani alipokwenda kukata maji yake. Alirudi na askari, akayakata. Familia maskini zilisaidiwa gharama ya kuunganishwa, kwa sababu mteja wa halali ni bora kuliko tiyo ya siri.

Kinachowezekana hapa

Goma haina amani ambayo Phnom Penh ilikuwa imeanza kupata, na mamlaka zake zimegawanyika. Lakini baadhi ya hatua hazingoji amani wala mamilioni ya dola. Kipimo kimoja kwenye mlango wa kila kata kingeonyesha maji yanayoingia usiku wa manane, saa ambayo karibu kila mtu amelala: kama maji bado yanakimbia, sehemu kubwa yanavuja. Nyumba kumi na wakubwa wa aveni, wanaojua kila uani, wangeweza kupeleka habari ya tiyo iliyopasuka siku hiyo hiyo, mradi kuwe na fundi mwenye vipuri wa kuja. Na robine za watu wote zenye mtu wa kuzilinda hupoteza maji kidogo kuliko tiyo za plastiki zenye kuvuka njia.

Katiba ya nchi, kifungu cha 48, inahakikisha haki ya kupata maji ya kunywa, na sheria ya maji ya tarehe 31 Desemba 2015 imefungulia waendeshaji wengine mlango pembeni ya REGIDESO. Lakini pampu mpya ikisukuma maji ndani ya tiyo zilizotoboka, inaongeza mito barabarani tu. Mpaka matundu yazibwe, mkaaji afanye anachoweza: achemshe maji au ayatie klori, hasa yale ya kwanza yanayotoka baada ya robine kukauka, na afunike bidoni lake.