Kutafuta Shoti katika Pikipiki: Somo la Uchunguzi kwa Darasa la VI

Mwalimu wa sayansi apangiwaye shule ya kijijini aghalabu hukuta hakuna maabara wala vifaa vya umeme. Lakini hakosi kukuta pikipiki. Imeegeshwa chini ya mwembe, watoto wanaijua, na huenda baba au kaka wa mmoja wao ndiye aiendeshaye. Makala haya yanakusudia kuonyesha jinsi hitilafu moja ya chombo hicho, ile ambayo mafundi huiita shoti, inavyoweza kuwafundisha wanafunzi kutafuta chanzo cha jambo badala ya kubahatisha.

Mimi mwenyewe nilijifunza haya kwa hasara. Pikipiki yangu ilikuwa ikikata fyuzi. Nilinunua nyingine, ikakatika. Nikanunua ya tatu, nayo ikakatika. Fundi mmoja wa njiani akaniambia, "Mwalimu, unajisumbua bure," akaitoa fyuzi na kuweka kipande cha waya wa shaba mahali pake. Taa ziliwaka, nami nikamshukuru. Nilipokata kona kuingia njia ya chuo, nilisikia harufu ya plastiki inayoungua, na moshi ukatoka chini ya tanki la petroli. Nilizima injini, nikaufungua waya wa betri kwa mikono inayotetemeka. Nyaya nne zilikuwa zimeyeyuka na kugandamana. Fyuzi zote zile zilikuwa zikinionya, nami sikusikia.

Shoti ni nini?

Katika pikipiki, umeme hutoka ncha chanya ya betri, hupita katika fyuzi, swichi na nyaya hadi kwenye taa au honi, kisha hurudi ncha hasi, aghalabu kwa njia ya fremu ya chuma. Taa huuzuia umeme kwa kiasi fulani. Uzuiaji huo huitwa ukinzani. Kanuni aliyoitangaza Georg Simon Ohm mwaka 1827 yatufundisha kwamba mkondo hupatikana kwa kugawanya volti kwa ukinzani. Balbu ya breki ya wati 21, ikipewa volti 12, hupitisha ampea 1.75 tu.

Lakini ganda la waya likichubuka, na shaba ikagusa fremu kabla ya kufika kwenye taa, umeme hupata njia ya mkato. Ukinzani wa njia hiyo ukiwa robo ya omu, hesabu hutupa ampea 48. Fyuzi ya ampea 10 hukatika mara moja, na hiyo ndiyo kazi yake. Fyuzi isipokuwapo, huungua nyaya zenyewe.

Hatua za uchunguzi

Kosa la wengi ni kuweka fyuzi mpya kila wanapojaribu. Iliyo bora ni hii: toa fyuzi, zima vifaa vyote, kisha unganisha mahali pa fyuzi balbu ya volti 12 na wati 21 kwa nyaya mbili fupi. Fungua swichi ya ufunguo. Balbu ikiwaka kwa nguvu zake zote ilhali vifaa vyote vimezimwa, shoti ipo. Kwa kuwa balbu hairuhusu mkondo kufikia hata ampea 2, nyaya haziungui, nawe unapata nafasi ya kutafuta.

Balbu isipowaka, washa kifaa kimoja kimoja. Ikiwaka hafifu, huo ni umeme unaopita katika kifaa kwa kawaida. Ikiwaka kwa nguvu zote, shoti imo katika njia ya kifaa hicho.

Sasa gawanya. Chini ya kiti hupatikana kiungo cha nyaya ziendazo nyuma. Kitenganishe. Balbu ikizimika, kosa liko nyuma. Ikiendelea kuwaka, kosa liko mbele. Kwa jaribio moja umeondoa nusu ya pikipiki. Kama nyaya zina sehemu 8, majaribio 3 yatosha kuipata sehemu yenye kosa: 8 huwa 4, 4 huwa 2, na 2 huwa 1.

Ukiisha kuipata sehemu, tazama balbu huku ukizitikisa nyaya taratibu: penye shingo ya usukani, chini ya tanki, kwenye kingo za bati la matope na karibu na bomba la moshi. Yangu iliwaka kila nilipoukata usukani kushoto. Mahali palipochubuka hapakuzidi punje ya mchele. Hapo fungua betri, badilisha au funga waya kwa utepe wa umeme, usogeze mbali na ukingo, kisha urudishe fyuzi ya kipimo kilichoandikwa na watengenezaji.

Kulifundisha darasani

Wanafunzi wasifanye jaribio hili kwenye pikipiki yenyewe, kwani betri yake yaweza kuunguza na petroli iko karibu. Wala wasiruhusiwe kamwe kujaribu umeme wa nyumbani, ambao huua. Tengeneza ubao wenye betri 2 za tochi, balbu ya tochi mahali pa fyuzi, na njia 4 za waya zinazoweza kutenganishwa. Njia 3 ziishie hewani, mfano wa vifaa vilivyozimwa. Ya 4 iguse waya wa kurudia, na mguso huo ufichwe kwa kadibodi.

Kabla ya kila jaribio, waulize wanafunzi maswali mawili: Balbu ikizimika, tutajua nini? Isipozimika, tutajua nini? Asiyeweza kuyajibu asiguse waya. Kila jaribio liandikwe katika jedwali lenye safu 3: tulichofanya, tulichoona, tulichoondoa. Kwa njia 4, majaribio 2 yatosha, na kadibodi isiinuliwe mpaka darasa liwe limetaja njia yenye kosa na kutoa sababu.

Katika mazoezi ya kufundisha nilimwona mwalimu-mwanafunzi mmoja akimruhusu mtoto ang'oe waya wowote aupendao. Mtoto aliupata wenye kosa mara ya kwanza, darasa likapiga makofi, na somo likafungwa. Nilimwomba alihamishe kosa na kuanza upya. Mtoto yule aling'oa waya ule ule, balbu ikaendelea kuwaka, naye akabaki amesimama hajui la kufanya. Msichana aliyekaa nyuma ndiye aliyesema, "Tutoe mbili kwa pamoja kwanza." Hapo ndipo somo lilipoanza.

Hivyo basi, andalio lako la somo na lionyeshe maswali hayo mawili, yakiwa yameandikwa kwa ukamilifu. Nawe uujaribu ubao wako jioni ya kuamkia somo, kosa likiwa katika kila njia kwa zamu, ili darasani usije ukakutana na hitilafu ambayo hukuiweka wewe.