Kabla hujakopa ununue injini nyingine, toa plagi uziangalie

Kama gari limewahi kukuzimikia katikati ya raundi abauti, matatu nyuma yako inapiga honi kama imebeba mgonjwa, na abiria wako anapumua kwa hasira kwenye kiti cha nyuma, basi tuko pamoja. Kama bado, ngoja tu. Gari likivuka kilomita laki mbili, siku yako itafika.

Yangu ilifika mwaka jana msimu wa mvua. Gari ni Toyota Fielder ya 2008, lilikuwa la marehemu baba. Nilipoacha chuo mwaka wa pili kwa sababu karo iligoma, mama alinipa funguo akaniambia, "Shika hii gari. Ikulishe, isikukule." Tangu hapo nabeba abiria wa apu. Mita inasoma kilomita 238,000, na hizo ni zile ambazo mita imekubali kusema.

Dalili zilianza polepole. Asubuhi gari lilikohoa kabla ya kuwaka. Kwenye taa za barabarani mshale wa mizunguko ya injini ulipanda na kushuka kama kichwa cha mtu anayesinzia kanisani. Petroli ya elfu moja haikunifikisha ilikonifikisha zamani. Oili nayo ilipungua, nikawa naongeza nusu lita kila wiki mbili. Mwishowe taa ya injini ikawaka kwenye dashibodi na ikakataa kuzima.

Nikaenda kwa fundi mmoja. Alisikiliza injini sekunde kumi hivi, hakuchomoa hata waya mmoja, akafunga boneti. "Bosi, hii injini imeisha. Lete elfu tisini nikuwekee ingine ya kutoka Japani."

Kwa simu nilikuwa na shilingi 11,400. Nikamwambia mama, na badala ya kulalamika akaanza kuhesabu ni kiasi gani anaweza kukopa kwa chama. Chama ambacho amechangia miaka mitatu ili aongeze stoki ya duka lake. Hapo ndipo nilikosa usingizi.

Kilichoniokoa ni mzee mmoja wa plot yetu aliyetengeneza matatu miaka mingi kabla ya kustaafu. Aliniuliza maswali mawili tu.

"Huyo fundi alipima kompresheni?"

"Hapana, mzee."

"Aliangalia plagi?"

"Hapana."

"Basi hajakuambia ugonjwa. Amekuuzia jeneza."

Masizi yanatoka wapi?

Unajua sufuria iliyopikia kwenye kuni inavyokuwa nyeusi upande wa chini? Hayo ni masizi, yaani kaboni ambayo haikuungua ikaisha. Ndani ya injini mambo ni yale yale. Petroli ikichanganyika vizuri na hewa, takriban gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu moja ya petroli, inaungua karibu yote. Petroli ikizidi, au injini ikiwa baridi, au oili ikipenya mahali pa moto, mabaki yanaganda. Yanaganda kwenye kichwa cha pistoni, kwenye ringi zake, kwenye valvu na kwenye throto, ule mlango unaopitisha hewa ukikanyaga mafuta.

Masizi kwenye throto hufanya gari litetemeke na kuzima likiwa limesimama. Kwenye ringi, hufanya ringi zigande, zisipanuke kuziba silinda, basi oili inapanda juu na kuungua. Hapo unaweza kudhani chuma kimeisha kumbe kimechafuka tu.

Lakini sikia hapo kwa neno "unaweza". Kuna injini zimeisha kweli. Ndiyo maana unapima kwanza.

Anza na uchunguzi, si dawa

Tazama moshi. Wa buluu maana yake oili inaungua. Mweusi, petroli imezidi. Mweupe mzito usioisha, huku maji ya rejeta yakipungua, huenda gasketi ya silinda hedi imeenda. Huo wa mwisho usiupeleke kwa dawa ya masizi. Peleka kwa fundi, leo.

Halafu soma makosa kwa mashine. Yangu ilitoa mawili. P0302, maana yake silinda ya pili inamisi, na P0128, ambayo nitairudia kwa sababu ndiyo iliyokuwa na habari yenyewe.

Kisha toa plagi. Kwenye Fielder yangu unahitaji spana namba 10 (ile ambayo hupotea kila mara) kutoa koili, na soketi ya 16 kufungua plagi. Fanya injini ikiwa imepoa. Zipange kwa mpangilio wa silinda zake. Plagi nzuri ina rangi ya hudhurungi kama chai ya maziwa. Kavu na nyeusi kama makaa ni petroli nyingi. Nyeusi na yenye majimaji ya mafuta ni oili. Zangu tatu zilikuwa nyeusi kavu. Ya pili ilikuwa imelowa oili.

Mzee akaleta geji yake ya kompresheni. Silinda tatu zilisoma 175, 178 na 170. Ya pili ikasoma 135. "Iko mbaya lakini haijakufa," akasema. "Tuioshe kwanza."

Kazi yenyewe

Fanyia nje, penye hewa. Dawa hizi zinashika moto na mvuke wake si wa kuchezea, kwa hivyo hakuna sigara, na watoto wakae mbali. Vaa glavu na miwani. Toa terminali hasi ya betri kabla ya kuanza.

Kwanza, throto. Toa bomba la hewa linalotoka kwenye eyaklina na utaona kisahani cha chuma. Ukingo wake ukiwa na ukoko mweusi, hapo pana kazi. Mwagia dawa ya kusafisha throto kwenye kitambaa, si moja kwa moja ndani, ufute polepole kwa kitambaa na mswaki mzee. Kwenye magari ambayo throto inaendeshwa kwa umeme, kama langu, usilazimishe kile kisahani kwa kidole. Gia zake za ndani ni za plastiki.

Karibu na hapo kuna sensa inayopima hewa. Iheshimu. Ina nyaya nyembamba sana, na dawa ya kabureta inaweza kuiua. Ina dawa yake peke yake. Kama huna, iache.

Pili, valvu ya PCV, ile inayorudisha mvuke wa oili kwenye injini uunguzwe. Itoe uitikise. Ikilia kama njuga ndogo, iko hai. Ikinyamaza, imeganda kwa uchafu, ioshe au ununue nyingine. Yangu ilikuwa kimya kama maji ya mtungi.

Tatu, pistoni. Hapa ndipo watu huharibu, soma mara mbili. Plagi zikiwa nje, zungusha injini kwa mkono, ukitumia spana kwenye puli, hadi pistoni zote nne ziwe katikati. Utajua kwa kuingiza mrija mrefu wa plastiki kwenye kila tundu na kulinganisha. Mimina dawa ya kulainisha masizi kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kopo, funika matundu, uache usiku kucha. Asubuhi vuta iliyobaki kwa sirinji yenye mpira mwembamba. Hii si hatua ya kuruka. Maji au dawa haikandamiziki kama hewa. Ukifunga plagi na silinda imejaa, ukapiga stata, unaweza kupinda kono la pistoni, na hapo sasa utanunua injini kweli.

Baada ya kuvuta, chomoa fyuzi ya EFI ili petroli isimwagwe, funika matundu kwa matambara, rudisha betri, kisha piga stata sekunde chache. Nasema matambara kwa sababu mimi sikufunika. Injini ilitema ujiuji mweusi kama lami, ukaruka hadi kwenye kamba ya nguo ya mama. Shuka lake jeupe la Jumapili sasa ni tambara la gereji.

Kisha badilisha oili na filta yake kabla ya kuwasha gari. Ile dawa imepenya ringi ikashuka chini, na oili iliyochanganyika nayo haiwezi kulinda injini. Oili chafu usiimwage kwenye mtaro. Weka kwenye mtungi upeleke gereji inayokusanya.

Funga plagi mpya, rudisha fyuzi, washa. Dakika za kwanza litatoa moshi kama nyumba inaungua, kwa hivyo usiwashe mahali pamefungwa. Mizunguko pia inaweza kuwa juu kwa muda, maana kompyuta ya gari ilizoea throto chafu. Iache ingurume bila kukanyaga hadi ijifunze upya.

Kosa halisi lilikuwa wapi

Sasa turudi kwa P0128. Kosa hilo linasema injini haifiki joto linalotakiwa. Mzee alitazama kwenye mashine tukiwa safarini, maji hayakuvuka nyuzi 68. Injini nyingi za petroli hufanya kazi vizuri kuanzia nyuzi 80 hadi 90 na kitu. Akafungua mahali thamostati inapokaa. Hapakuwa na kitu!

Unajua hii stori. Gari likichemka mara moja, fundi anatoa thamostati anaitupa, anakuambia hiyo ni ya nchi za baridi, Kenya haihitajiki. Si kweli. Bila thamostati, maji yanazunguka rejeta wakati wote na injini haipati joto lake. Kompyuta inadhani ni asubuhi siku nzima, inaongeza petroli, na petroli iliyozidi inakuwa masizi. Kwa miaka kadhaa gari la baba lilikuwa linapikiwa kwenye kuni mbichi. Tungeosha pistoni tukaacha tundu lile wazi, baada ya miezi kadhaa tungerudi pale pale.

Hesabu

Dawa ya throto 500. Dawa ya pistoni 1,200. Plagi nne 1,400. Oili lita nne 3,000. Filta ya oili 400 na ya hewa 600. Thamostati na kulanti 2,000. Glavu na mswaki 150. Jumla 9,250. Mzee alikataa pesa, akataka tu soda na mkate. Shuka la mama ni deni lingine.

Baada ya wiki mbili tulipima tena. Silinda ya pili ikasoma 158. Haijafika kwa wenzake, na sitakudanganya kwamba gari limekuwa jipya. Bado linakula oili, ila sasa naongeza kidogo baada ya mwezi na kitu. Halizimi kwenye taa. Halikohoi asubuhi. Hiyo silinda iko na uchovu wa kweli wa chuma, na siku moja nitaifungua injini. Lakini itakuwa siku niliyoichagua, kwa pesa nilizoweka.

Mambo matatu kabla hujaenda

Kama gari lako lina injini ya D4 au nyingine inayomwaga petroli moja kwa moja ndani ya silinda, jua kwamba dawa ya kumimina kwenye tangi haifiki kwenye valvu za kuingiza hewa, kwa sababu petroli haipitii hapo. Masizi ya huko huondolewa kwa kufungua manifoldi na kukwangua au kupigwa kwa mashine. Hiyo si kazi ya parking ya plot.

Usimwagie injini inayonguruma maji kwa sababu uliona video. Tone likiwa tone linaweza kusafisha, kikombe kinaweza kuvunja.

Na ukishasafisha, tunza. Badilisha oili kwa wakati. Filta ya hewa iangalie, vumbi letu unalijua. Safari fupi fupi za jam ndizo adui, kwa hivyo mara moja moja lipe gari barabara ndefu lipate joto lake.

Sisemi mafundi ni wezi. Aliyeniokoa ni fundi. Ninachosema ni kwamba mtu akikuambia injini imekufa, muulize amepima nini. Akishindwa kujibu, mshukuru, chukua funguo uondoke.

Zile pesa za chama mama hakukopa. Alichukua zamu yake ilipofika, akaongeza friji ndogo dukani, sasa anauza maziwa na soda baridi. Mimi ndiye ninayemletea kreti asubuhi, na Fielder ile ile.

Shuka bado ananidai.