Vwawa: Mji ulioinuliwa na jembe

Kati ya Juni na Septemba, ukishuka kwenye basi pale Vwawa, utaiona pesa ya kahawa kabla ya kuiona kahawa yenyewe. Maduka ya vifaa vya ujenzi yanajaa watu wanaoulizia bei ya mabati na saruji. Mafundi cherehani wanashona sare za shule mpaka usiku. Bodaboda hazikai kijiweni. Madeni yaliyoandikwa kwenye daftari la muuza duka tangu masika yanaanza kukatwa moja baada ya jingine. Msimu ukiwa mbaya, hayo yote hupungua, na hakuna mtu mjini, awe mwalimu, seremala au mama lishe, asiyeguswa.

Vwawa ni makao makuu ya Wilaya ya Mbozi. Tangu Januari 2016, Mkoa wa Songwe ulipomegwa kutoka Mbeya, ni makao makuu ya mkoa pia. Wasafiri wengi huuona mji huu dirishani tu, wakiwa njiani kati ya Mbeya na Tunduma, ambako foleni za malori na wabadilishaji fedha wa mpaka wa Zambia huvuta macho na vichwa vya habari. Lakini anayetaka kuelewa mkoa huu unaishi kwa kitu gani, na ashuke Vwawa kwanza. Mji huu haukuzaliwa na mpaka wala bandari. Umeinuliwa na mkulima, na kila hatua ya historia yake inarudi shambani.

Kabla ya lami

Wanyiha, wenyeji wa uwanda wa Mbozi, walikuwa wakulima na wafua chuma. Waliyeyusha mawe ya chuma katika matanuru marefu ya udongo na kufua majembe waliyolimia na kuyauza kwa jirani zao. Uwanda wenyewe, ulio zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, una ubaridi na mvua ya kutosha kuanzia Novemba hadi Aprili. Ulezi, maharage na baadaye mahindi vilistawi.

Katika nchi hiyo hiyo ya wafua chuma, kwenye mteremko wa kilima cha Marengi karibu na kijiji cha Ndolezi, kuna kimondo cha chuma kinachokadiriwa kuwa na uzito wa tani 12. Dunia ya nje ilikifahamu mwaka 1930. Leo watalii wanaoacha barabara kuu kwenda kukiona hupita kwanza katikati ya migomba na mibuni ya watu.

Wamisionari wa Moravian kutoka Ujerumani, waliokuwa wameanza kazi Rungwe mwaka 1891, walifungua kituo Mbozi mwaka 1899. Wakafuata walowezi wa Kizungu waliofungua mashamba ya kahawa katika miaka ya 1920 na 1930. Kwa Mnyiha wa wakati ule, kahawa ilikuwa kazi ya kibarua: unapalilia na kuvuna mali ya mwingine ili upate fedha ya kodi. Vijana wengine waliifuata fedha hiyo ya kodi kwenye machimbo ya dhahabu ya Lupa, Chunya, au kwenye migodi ya shaba ng'ambo ya mpaka.

Mambo yaligeuka miaka ya 1950, wenyeji walipoanza kupanda mibuni yao wenyewe kwa wingi. Mtu aliyekuwa akienda mbali kutafuta fedha sasa aliipata nyuma ya nyumba yake. Kwa fedha hiyo nyumba za matofali zilijengwa, watoto wakasomeshwa, na maduka yakapata wateja. Hapo ndipo mji ulipoanza kuwa mji.

Njia za watu wengine

Novemba 1965, Ian Smith alipojitangazia uhuru wa walowezi huko Rhodesia, Zambia ilijikuta njia yake ya kusini kuelekea baharini ikiingia mashakani. Malori yakaanza kubeba mafuta na shaba kupitia barabara ya vumbi ya nyanda za juu. Mwaka 1968 bomba la mafuta la TAZAMA lilianza kazi kutoka Dar es Salaam hadi Ndola. Kisha, kati ya 1970 na 1975, Watanzania, Wazambia na Wachina walitandika reli ya TAZARA yenye urefu wa kilomita 1,860. Barabara nayo iliwekwa lami.

Vyote hivyo, barabara, bomba na reli, vilipita Mbozi vikielekea kwingine. Wakulima ndio waliojua namna ya kugeuza barabara na reli kuwa zao, walipoanza kusubiri malori na mabehewa wakiwa na magunia. Katikati ya miaka ya 1970 serikali iliweka bei moja ya mahindi kwa nchi nzima na kutoa mbolea ya ruzuku. Mkulima wa Mbozi, aliye mbali na Dar es Salaam, akalipwa sawa na wa Morogoro. Nyanda za Juu Kusini zikawa ghala la taifa.

Utaratibu ule ulipoondolewa kati ya miaka ya 1980 na 1990, umbali ukarudi kuwa mzigo wa mkulima. Mbolea ikapanda bei, na mnunuzi akaja na gunia la lumbesa, lililojazwa kupita kipimo. Mwaka 2017, serikali ilipozuia mahindi kuuzwa nje ya nchi, bei ilianguka vibaya katika mikoa hii, ilhali mpaka wa Tunduma uko jirani kabisa. Mkulima aliyevuna vizuri alijikuta na hasara kwa sababu ya kuvuna vizuri. Jambo la namna hiyo halisahauliki upesi, na ni haki lisisahauliwe.

Kazi iliyo ndani ya kilo moja

Kahawa nayo ina jasho ambalo mnywaji halioni. Tunda huchumwa likiwa jekundu, kwa mkono, mti mmoja ukirudiwa mara kadhaa kwa msimu kwa kuwa matunda hayaivi pamoja. Siku hiyo hiyo linamenywa. Punje zinalowekwa hadi ute utoke, zinaoshwa, kisha zinaanikwa kwenye vichanja kwa wiki moja mpaka mbili, zikigeuzwa na kufunikwa mvua inapotishia. Kazi kubwa ya kuchuma na kuchambua hufanywa na wanawake, ingawa jina kwenye kitabu cha chama cha msingi cha ushirika mara nyingi ni la mume.

Adui wakubwa wa mbuni ni chulebuni na kutu ya majani. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa, TaCRI, ina kituo chake Mbimba, hapa hapa Mbozi, kinachosambaza miche inayostahimili magonjwa hayo. Mkulima aliyepanda miche hiyo hupunguza gharama kubwa ya dawa.

Masoko yamebadilika mara nyingi kuliko miti. Vyama vikuu vya ushirika vilifutwa mwaka 1976, vikarejeshwa kwa sheria ya 1982. Katikati ya miaka ya 1990 soko likafunguliwa kwa wanunuzi binafsi, na mwaka 2018 serikali ikaagiza kahawa ipitie tena kwenye vyama vya msingi, AMCOS. Faida ya ushirika ni kumkinga mkulima na mlanguzi anayenunua kahawa ingali maua mtini, wakati nyumbani hakuna ada wala chakula. Lakini kinga hiyo haina maana malipo yakichelewa, maana njaa haisubiri mnada.

Mji wa mkoa, tumbo la mkulima

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,344,687 katika Mkoa wa Songwe. Vwawa sasa ina ofisi za mkoa, hospitali ya rufaa, nyumba za watumishi na viwanja vinavyopimwa kila upande. Hii ni neema, na wananchi waliisubiri. Hofu yangu ni moja: viwanja hivyo vinapimwa juu ya mashamba. Kijana anayeuza ekari ya baba yake ili anunue bodaboda anapata fedha ya mara moja na kupoteza mibuni ambayo ingezaa kwa miongo kadhaa.

Kwa hiyo mipango ya mji huu inapaswa kutenga ardhi ya kilimo kwa maandishi, kama inavyotenga barabara na shule. Barabara za vijijini zitengenezwe kabla ya msimu. AMCOS zilipe kwa wakati na zisome hesabu mbele ya wanachama, wanawake wakiandikwa kwa majina yao. Na vijana wakopeshwe mashine za kukaanga na kusaga kahawa, ili sehemu kubwa zaidi ya thamani ya kikombe ibaki Mbozi.

Ofisi za mkoa zingeweza kujengwa popote. Zimejengwa Vwawa kwa sababu palikuwa na mji tayari, na mji huo ulilipiwa na watu wenye majembe. Bajeti yoyote itakayopangwa ndani ya ofisi hizo na ianze na wao.