Tusimfanye Mungu kiima cha kila msiba

Kuna sentensi moja ambayo sisi Wakenya tumeizoea mno matangani hata hatuisikii tena inaponenwa: kazi ya Mungu haina makosa. Huitamka mhubiri, akaitamka chifu, akairudia mwanasiasa aliyechelewa kufika na ambaye tayari yu mbioni kuondoka. Huchapishwa katika matangazo ya vifo magazetini, na siku hizi hutumwa kwa simu hata kabla maiti haijafikishwa hifadhini. Mimi ni mwanaisimu, si kasisi, wala sina nia ya kumnyang'anya kasisi madhabahu yake. Hata hivyo, sentensi ndiyo malighafi ya taaluma yangu, na hii ninaishuku. Tena ninaishuku nikiwa Mkristo anayeamini kwamba Mungu ni mwema.

Tuanze na sarufi, somo ambalo wanafunzi wengi huliona kuwa adhabu. Tukisema "wanafunzi waliuawa", tumetumia kauli ya kutendwa. Mtendaji hatajwi, lakini nafasi yake ipo, na msikilizaji ana haki ya kuuliza: na nani? Tukisema "Mungu amewachukua", nafasi hiyo imekwisha kujazwa. Kiima kimepatikana, kitenzi kimekuwa laini, na swali limefungiwa mlango. Kwa maneno mawili tu tumemwondoa muuaji katika sentensi, na papo hapo tumemvisha Mungu vazi la muuaji huyo.

Wasomaji wa makala haya, walimu na wanafunzi, hawahitaji kukumbushwa kwa kirefu yaliyotukia Garissa. Alfajiri ya tarehe 2 Aprili 2015, ambayo ilikuwa Alhamisi Kuu, wauaji wa kundi la Al-Shabaab waliingia katika chuo kikuu kishiriki cha huko na kuwaua watu 148, wengi wao wanafunzi. Baadhi ya wanafunzi hao walikuwa katika sala ya asubuhi. Pasaka hiyo wazazi waliipitisha Nairobi, katika hifadhi ya maiti ya Chiromo, wakingoja kuitambua miili ya watoto wao. Hata hapo hawakukosekana watu wa kuwaambia kwamba Mungu alikuwa amechuma maua yake. Naomba kuuliza kwa heshima zote: bustani gani hiyo, na ni Mungu yupi huyo atumaye bunduki kuchuma?

Zipo pia ajali ambazo hazina muuaji mwenye bunduki. Mwezi Machi 2001 wavulana 67 waliteketea katika bweni la shule ya Kyanguli, wilayani Machakos. Septemba 2024 wavulana 21 walikufa kwa moto wa bweni huko Endarasha, Nyeri. Kati ya misiba hiyo miwili, mwaka 2008, Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo wa usalama unaoeleza bayana kwamba madirisha ya bweni yasiwe na vyuma, na kwamba milango ifunguke kwa nje na isifungwe kwa kufuli wanafunzi wakiwa ndani. Mwongozo ni karatasi, haujifuati wenyewe. Palipo na kufuli pana mtu aliyeifunga. Kuileta hapo kazi ya Mungu isiyo na makosa ni kuyahamishia makosa ya binadamu mbinguni, mahali ambapo hakuna tume ya uchunguzi iwezayo kufika.

Huenda msomaji akaniambia kwamba Ayubu mwenyewe, alipofikiwa na habari za vifo vya wanawe, alisema kuwa Bwana ndiye aliyetoa na ndiye aliyetwaa. Ni kweli, na Biblia inamsifu kwa hilo. Lakini yafaa tuzingatie mambo mawili. Kwanza, kabla ya Ayubu kunena hivyo, msimulizi amekwisha kututajia Waseba na Wakaldayo walioiba mifugo na kuwaua watumishi; hakuwaficha nyuma ya jina la Mungu. Pili, na hili ndilo kubwa zaidi, maneno hayo yalitoka kinywani mwa aliyefiwa. Maana ya usemi haimo katika maneno pekee. Imo pia katika nani anamwambia nani, na wakati gani. Neno ambalo likitamkwa na mfiwa ni sadaka, likitamkwa na jirani aliyeshiba laweza kuwa tusi. Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Kitabu cha Ayubu kina sura 42. Wengi wetu twazijua mbili za mwanzo, ambamo Ayubu anavumilia, na ile ya mwisho, ambamo anarudishiwa mali maradufu. Zilizo katikati huzirukwa kana kwamba ni daraja bovu. Katika hizo, Ayubu anailaani siku aliyozaliwa, anamshitaki Mungu, anamtaka ajibu. Rafiki zake watatu, Elifazi, Bildadi na Sofari, wanashtuka na kumtetea Mungu kwa ufasaha mkubwa. Kwao Mungu ni wa haki, kwa hiyo anayeteseka lazima awe na kosa. Hoja zao zingefaa kabisa katika mahubiri yetu mengi.

Ninapofundisha somo la pragmatiki, tawi la isimu linalochunguza maneno yakiwa katika matumizi, huwapa wanafunzi wangu sura hizo na kuwataka wahesabu viwakilishi vya nafsi. Matokeo ni yale yale kila mwaka. Marafiki watatu wanamzungumzia Mungu katika nafsi ya tatu: Yeye hufanya hivi, Yeye hapendi vile. Hakuna hata mmoja wao anayegeuka na kumwambia "Wewe". Ayubu peke yake ndiye anayegeuka tena na tena, akiacha kubishana na marafiki, na kumkabili Mungu katika nafsi ya pili: mbona Wewe wanifanyia haya? Na mwishoni kabisa Mungu anamkasirikia Elifazi pamoja na wenziwe wawili, akisema hawakunena yaliyo sawa jinsi alivyonena Ayubu. Watetezi wa Mungu ndio wanaoamriwa kupeleka fahali saba na kondoo waume saba, na mlalamishi ndiye anayetakiwa kuwaombea.

Wala si Ayubu peke yake. Zaburi ya 23, ambayo karibu kila mtoto wa shule anaikariri, huanza kwa kumsimulia Mungu katika nafsi ya tatu maadamu pana malisho na maji matulivu. Msemaji anapoingia katika bonde lenye giza la kifo, sarufi inabadilika ghafla: Yeye anakuwa Wewe. Mtu aliyekuwa akizungumza juu ya Mungu sasa anazungumza naye. Zaburi ya 88 nayo ni kali zaidi. Ni malalamiko tangu mwanzo hadi mwisho, na inafungia gizani bila faraja yoyote, lakini haiiachi nafsi ya pili. Hapo ndipo nionapo imani. Mtoto aliyeumia hamlilii mpita njia. Humlilia yule anayeamini kuwa ni mwema na kwamba alipaswa kuwa karibu. Anayemlalamikia Mungu kwa uchungu angali anaushikilia wema wake; ndio anaoudai.

Neno letu "imani" lenyewe lina ukoo wa kuvutia. Shina lake la Kiarabu ndilo lililotupa amini, amani na amana, na ni ndugu wa shina la Kiebrania lililozaa "amina". Amana ni kitu ulichomwekea mtu ukijua utakwenda kukidai. Asiyeweza kudai hana amana. Ametoa zawadi, au ameibiwa.

Simaanishi kwamba maombolezo hayana kikomo wala utaratibu. Kitabu cha Maombolezo, kilichozaliwa na maangamizi ya Yerusalemu yapata mwaka 586 kabla ya Kristo, ni utungo wenye nidhamu ya ajabu. Alfabeti ya Kiebrania ina herufi 22; sura ya kwanza, ya pili na ya nne zina aya 22 kila moja, zikifuata mpangilio wa herufi hizo, na sura ya tatu ina aya 66, tatu kwa kila herufi. Washairi wetu wa kale wa Pwani nao walitunga kwa kufuata herufi za Kiarabu, kwa hivyo mbinu hii si ngeni kwetu. Katikati ya sura hiyo ndefu ndimo mshairi anamoukumbuka wema wa Mungu, kwamba unapambazuka upya na kila siku. Wahubiri huzinyofoa aya hizo chache na kuziacha nyingine zote. Mshairi hakufanya hivyo. Baada ya kuutamka wema huo alirudi kwenye kilio chake, kwa maana mji ulikuwa ungali majivu. Na ifikapo sura ya tano, yenye aya 22 pia, mpangilio wa herufi umevunjika.

Kuhusu sababu za misiba, Yesu mwenyewe alikataa kuingia katika hesabu ya marafiki wa Ayubu. Mnara wa Siloamu ulipowaangukia watu 18 na kuwaua, alisema wazi kwamba hao hawakuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu.

Basi tumwambie nini aliyefiwa? Marafiki wa Ayubu walifanya jambo moja jema: waliketi naye chini siku saba, mchana na usiku, pasipo kusema neno. Waliharibu walipofungua vinywa. Kwa bahati njema Kiswahili kina akiba. Tuna "pole", neno lisilodai kujua chochote. Na tunayo maamkizi ya kale ambayo vijana wetu wameyasahau: anayefika msibani husema "Makiwa", na mfiwa hujibu "Tunayo". Makiwa ni jamaa ya ukiwa na mkiwa. Anayelitamka anautaja upweke wa mwenzake kwa jina lake, naye mwenzake anakiri kwamba anao. Hakuna anayemsingizia Mungu, wala hakuna anayemkana.

Nakumbuka mazishi ya binamu yangu, ambapo mhubiri mmoja alimkataza mama mzazi kulia, akisema machozi ni upungufu wa imani. Shangazi alinyamaza kwa adabu. Usiku, wageni walipokwisha kwenda zao, tulimsikia chumbani akisema kwa sauti, "Wewe uliniona nikimlea." Hakuwa akizungumza na yeyote miongoni mwetu.

Mwalimu mkuu anayesimama gwarideni kutangaza kifo cha mwanafunzi huwa na dakika tano hivi. Mbili angeweza kuzitumia kwa kimya. Ya tatu ampe mwanafunzi mmoja aisome Zaburi ya 88 hadi mwisho wake, bila kuirekebisha. Zilizosalia awaeleze watoto na wazazi wao basi la shule lilikaguliwa lini, na ufunguo wa bweni hukaa kwa nani usiku.