Shule Yenu Imo Gazetini

Anayechimbua historia ya shule kongwe za Tanganyika hana budi kupitia Tanga. Wajerumani walifungua shule ya serikali mjini humo mwaka 1892, na baadaye shule hiyohiyo ikawa na mtambo wa kuchapa ulioendeshwa na wanafunzi. Hapo ndipo lilipochapwa Kiongozi, gazeti la Kiswahili la miaka ya mwanzo ya karne ya 20. Walimu na makarani waliosomea Tanga walitawanywa pwani na bara, nao wakawa wanaliletea gazeti lao habari za huko walikopangiwa. Kwa hiyo shule ya wilaya ya mbali, isiyo na hata karatasi moja ya wakati wa Mjerumani, yaweza kukutwa ndani ya gazeti la Tanga.

Shule za misheni zina gazeti kongwe zaidi. Msimulizi lilianza kutoka Kiungani, Unguja, mwaka 1888, chini ya wamisionari wa Kianglikana wa UMCA, likipokea habari za vituo vyao vya Zanzibar na bara.

Kisha likaja Mambo Leo. Lilianzishwa mwaka 1923 na Idara ya Elimu ya Tanganyika, na safu yake ya habari za miji ni hazina kwa mwenye subira. Asitegemee vichwa vikubwa vya habari. Shule hujitokeza katikati ya habari za mvua, nzige, kodi na ziara ya Bwana Shauri, yaani ofisa wa wilaya wa kikoloni: sentensi mbili tatu, jina la mwalimu, basi. Tena lilikuwa gazeti la kila mwezi na barua zilichelewa njiani, kwa hiyo jambo la Desemba atalitafuta katika matoleo ya mwaka unaofuata.

Kuna mtego mmoja unaowanasa wengi. Magazeti hupenda sherehe. Shule iliyoanzia chini ya mwembe haikuandikwa popote. Miaka ikapita, likajengwa jengo la mawe, akaja mkubwa kulifungua, habari ikatoka. Msomaji wa leo akiiona hiyo anaandika kwamba shule ilianza siku ile, na wale waliosomea mchangani wanafutika. Kila habari ya ufunguzi ilinganishwe na daftari la uandikishaji wa wanafunzi, na kumbukumbu za wazee. Mzee akionyeshwa nakala yenye tarehe na jina la mwalimu wake hukumbuka mengi kuliko akiulizwa hivihivi.

Aangaliwe pia mwenye gazeti. Mambo Leo lilikuwa mali ya Idara ya Elimu, na ni nani azomee mtoto wake mwenyewe hadharani? Malalamiko ya Waafrika yatafutwe penginepo, kwa mfano katika Kwetu, gazeti alilolianzisha Erica Fiah jijini Dar es Salaam mwaka 1937.

Majina nayo huchezesha watu kidalipo. Katika gazeti la walowezi, Deutsch-Ostafrikanische Zeitung, ambalo Maktaba ya Serikali ya Berlin imeliweka kwenye intaneti, Lushoto ni Wilhelmstal na Tukuyu ni Neu-Langenburg. Shule nyingi za makanisa zilichukuliwa na serikali baada ya Sheria ya Elimu ya 1969, na baadhi zikapewa majina mapya. Habari zake za zamani zitafutwe kwa jina la misheni.

Kwa Tanzania Bara, pa kuanzia ni Nyaraka za Taifa na kitengo cha Afrika Mashariki katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kwa Zanzibar, Nyaraka za Kilimani. Mtafiti aende na penseli, aandike jina la gazeti, tarehe na ukurasa palepale, na karatasi azifunue taratibu, maana nyingine humeguka zikiguswa tu. Na kamati za shule zinazojiandaa kwa jubilei zimtume mtu huko mapema, kabla mwaka wa kuanzishwa haujachapwa kwenye fulana.