Upasuaji wa Unene na Mafuta ya Damu

Hapa Kolwezi mtu mwenye kitambi husifiwa kwamba anakula vizuri. Lakini mafuta hayakai tumboni tu. Mengine hutembea katika damu, nayo yale mabaya hushika ndani ya mishipa ya moyo, kama tope katika bomba la maji. Mshipa ukiziba, moyo hukosa damu.

Wengine huniuliza habari za upasuaji wa kupunguza unene. Wengi hudhani daktari hukata mafuta ya tumbo. Sivyo. Yeye huufanya mfuko wa chakula kuwa mdogo. Pengine huuunganisha na utumbo wa mbele, chakula kipite njia fupi. Mtu akila kidogo na kupungua, mafuta ya damu yaitwayo triglisaridi hushuka, na kolesteroli njema hupanda. Kolesteroli mbaya hushuka zaidi kwa wale waliofupishiwa njia.

Je, moyo husaidika? Kule Uswidi, tangu mwaka 1987, waganga waliwafuata watu wanene 4,047. Habari zilizotolewa mwaka 2012 zilionyesha kwamba kati ya 2,010 waliopasuliwa, 28 walikufa kwa magonjwa ya moyo na mishipa. Kati ya 2,037 wasiopasuliwa, 49.

Lakini aliyepasuliwa humeza vitamini na madini maisha yake yote, na damu yake hupimwa kila mara. Asiyeweza kuyapata hayo, mimi simshauri aende. Na dawa za presha asiziache mpaka daktari amwambie.